Pamba ya dripu Pongwe: ekari moja, pamba mbili

Kila nikikutana na mtu huku Tanga anayetaka kuweka dripu, yaani mipira yenye matundu inayomwagia tone kwa tone, awe wa nyanya, wa tikiti au wa pamba, swali la kwanza ni aweke mbolea gani. Sijasikia mtu anaanza kwa kuuliza maji yatafika wapi na yatafika kiasi gani. Hiki kisa kimetokea kwenye pamba ila naona kinawahusu wote, ndo maana nakiandika kirefu, na mwenye shamba ameridhia niandike bila kumtaja jina.

Shamba ni ekari moja, lipo upande wa Pongwe kama unaelekea Muheza, ardhi ya mkonge wa zamani. Mwenyewe ni mama mtu mzima, mchapakazi kwelikweli. Watu wanashangaa wakisikia pamba Tanga maana wao pamba wanaijua ni Simiyu na Shinyanga, lakini Tanga ipo kwenye ukanda wa mashariki wa pamba pamoja na Pwani, Morogoro, Kilimanjaro na Manyara, tofauti ni kwamba wenzetu wa magharibi wanapanda Novemba na Desemba sisi tunafata masika. Na hesabu yake mama ilikuwa nzuri tu, tena naisifu: panda katikati ya Aprili, masika ikuoteshee, mvua ikikata mwishoni mwa Mei unamalizia na dripu, vitumba, yaani matunda ya pamba, vinapasuka Agosti na Septemba kukiwa kukavu kabla vuli haijaingia Oktoba. Pamba ikipasuka kwenye mvua za pwani na huu unyevu wetu inaoza na kuchafuka, kwahiyo kwa ukanda huu kazi kubwa ya dripu ni kukuwezesha kuchagua pamba ipasuke lini.

Mimi niliitwa mwanzoni mwa Julai, pamba ina siku kama 75. Nimemwamkia tu, shikamoo mama, kabla hata sijakaa akaniambia, "Marahaba, mwanangu njoo uone hawa watu walivyonichanganyia mbegu."

Na ukiangalia haraka haraka ungekubaliana naye. Upande wa tangi pamba imenifika kifuani, majani mapana ya kijani kibichi kinachokaribia weusi, ukifunua chini unakuta giza, chawajani na inzi weupe wamejaa, na vitumba vya kuhesabu, maua mengi yameanguka chini. Ukitembea kuelekea upande wa minazi pamba inashuka, inashuka, mpaka mwisho kabisa ni mimea ya magotini, majani ya manjano, mengine kingo zimeshaanza wekundu kama zimeungua, vitumba vidogo lakini vipo. Ekari ile ile, mbegu ile ile, siku ile ile ya kupanda. Mbegu ikichanganywa inachanganyika shamba zima, mrefu hapa mfupi pale, haiwezi kujipanga kuanzia tangi mpaka minazi namna ile. Hiyo ndo kitu ya kwanza nilimwambia.

Akasema basi ni chumvi, kisima chake kina chumvi. Nayo hapana. Kwanza pamba ni katika mazao yanayovumilia chumvi kuliko karibu mengine yote tunayolima, ipo kundi moja na shayiri, kwenye vipimo vya udongo inaanza kupungua mavuno chumvi ikizidi kama 7.7 dS/m (hicho ni kipimo cha chumvi) wakati maharage yanaanza kuumia kwenye 1. Inachoogopa ni chumvi ikiwa bado mche mchanga, na miche yake iliota kwa mvua. Pili, maji yanayomwagia huku ni hayo hayo yanayomwagia kule, sasa chumvi ingeuaje upande mmoja? Ila hilo la maji nilimwambia tutalirudia, maana niliona birika lake la chai ndani lina magamba meupe, na huku kwetu chini ni mawe ya chokaa, ndo hayo yametengeneza mapango ya Amboni na ndo hayo wanachimba kwa ajili ya simenti hapo Pongwe. Maji magumu na maji ya chumvi ni vitu viwili tofauti, hiyo watu wanachanganya sana.

La tatu ndo lililokuwa linamuuma, akasema mbolea nimeweka, tena ya kutosha, na nikiona ule upande wa minazi unabaki nyuma naongeza.

Hapo sasa ndo penyewe.

Tulichukua vikombe vya plastiki, tukachimba vishimo chini ya mpira ili tundu lidondoshee ndani, tukaweka karibu na tangi, katikati na mwisho, tukafungua maji tukahesabu dakika kumi kwenye simu. Ile mipira imeandikwa tundu moja litoe lita 1.6 kwa saa, maana yake kwa dakika kumi kikombe kiwe na mililita 266 hivi. Karibu na tangi tulipata 90. Katikati 40. Upande wa minazi 12, na matundu mengine yalikuwa makavu kabisa kikombe hakijaloa. Yaani mmea wa mwanzo unakunywa zaidi ya mara saba ya mmea wa mwisho, na hakuna hata mmoja, hata ule wa mwanzo, unaopata unachotakiwa. Mama aliinama akakiangalia kile kikombe cha mwisho muda mrefu, akamwita kijana wake naye aje aone.

Na mbolea alikuwa anaimimina kwenye tangi. Kwahiyo popote maji yanapokwenda mbolea imo ndani yake, mmea uliopata maji mara saba umepata na mbolea mara saba. Kila alipoongeza mfuko kwa ajili ya wale wa minazi waliokula ni wale wa tangi. Aliyebaki na njaa akabaki na njaa na aliyeshiba akavimbiwa, na pamba ikivimbiwa naitrojeni inaacha kuzaa inaota majani, inachelewa kukomaa, na wadudu wafyonzaji wanaipenda ile laini yake. Ndo maana chawajani wote walikuwa upande mmoja.

Sasa kwanini maji yaligoma, hapa nataka twende polepole maana hii hesabu wauzaji wengi wa vifaa hawakufanyii. Ekari ni mita za mraba 4,047. Mistari yake ipo sentimita 90, ukigawanya unapata kama mita 4,500 za mpira. Matundu kila sentimita 30, hiyo ni matundu 15,000 kasoro kidogo. Kila moja lita 1.6 kwa saa, jumla ni lita 24,000 kwa saa. Yeye ana pampu ndogo ya sola inayotoa kama lita 3,000 kwa saa jua likiwa kali, tangi la lita 5,000 kwenye stendi ya mita tatu, na bomba kubwa la kutoka kwenye tangi ni la inchi moja, halafu anafungua shamba zima kwa mpigo. Bomba la inchi moja halina uwezo huo hata ufanyeje. Ongeza na presha: ile lita 1.6 imepimwa kwenye presha ya baa 1, ambayo ni sawa na tangi lililosimama mita kumi juu, yeye ana mita tatu, yaani baa 0.3, na tundu la kawaida presha ikishuka mpaka robo linatoa nusu ya maji. Halafu upande wa minazi umeinuka, kwa macho huoni, tukapima kwa mpira wa maji tukakuta kama mita moja. Mita moja kwenye kumi si kitu, mita moja kwenye tatu umepoteza theluthi nzima ya nguvu yako.

Kitu kilichonifurahisha ni kwamba maji yenyewe yanatosha. Pamba ikiwa kwenye maua mengi na vitumba, kwa kiangazi cha huku pwani, uipe kama milimita 5 kwa siku, ambayo kwa ekari ni lita 20,000 hivi. Pampu ya lita 3,000 kwa saa ikipata jua saa sita saba inafikisha. Kwahiyo hakuhitaji kisima kingine wala pampu nyingine, alihitaji kuyagawa maji. Kuna jirani alishamshauri anunue pampu ya petroli, angetumia hela yote na lile bomba la inchi moja lingebaki kuwa kizuizi kile kile.

Filta nayo. Filta ipo, ni ya visahani, nzuri tu, nimeifungua ndani sikuti visahani. Kijana akasema alivitoa kwasababu vilikuwa vinazuia maji. Vinazuia maji kwasababu vimeziba, na vimeziba kwasababu vinafanya kazi yake, unatakiwa uvioshe, ukivitoa ule uchafu unaenda kuziba matundu 15,000 ambayo huwezi kuyaosha moja moja. Teknolojia hii ilishamiri kwenye jangwa la Negev kule Israel, Netafim ilianza 1965 kwenye kibbutz (kijiji cha ushirika) ya Hatzerim, na pale filta na presha vinahesabiwa kama sehemu ya dripu yenyewe. Sisi tunanunua mpira, filta tunaiona nyongeza.

Halafu tukapasua tundu moja lililokuwa kavu, nikalipasua kwa wembe. Ile njia nyembamba yenye meno meno ya ndani ilikuwa imejaa kitu cheupe kama chokaa iliyoganda, na kingine laini cha kijivu kama tope. Nikachukua asidi ya kusafishia masinki, ile ya haidrokloriki, tone moja tu. Sehemu moja ilitoa mapovu, hiyo ni chokaa ya maji yenyewe, ile ile ya kwenye birika. Sehemu nyingine ikayeyuka kimya bila povu, na hiyo mimi naamini ni fosfati, imetokana na DAP, ile mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosforasi. DAP ukiiloweka kwenye maji magumu, ile fosforasi inakutana na kalsiamu ya kwenye maji wanashikana, inakuwa unga usioyeyuka, halafu DAP yenyewe inapandisha pH ya maji, yaani inayapunguzia uchachu, kwahiyo hata chokaa inazidi kuganda. Na lile tope la kijivu lilitokana na CAN, mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni. Mfuko wa CAN una unga wa chokaa ndani, wametia makusudi, ukiloweka ile naitrojeni inayeyuka unga unabaki. Juu ya ardhi CAN ni mbolea nzuri sana, kwenye dripu isiingie kabisa.

Tukajumlisha alichoweka mpaka siku ile: DAP mifuko miwili, CAN miwili, urea mmoja, yote ya kilo 50. Naitrojeni peke yake, DAP kilo 18, CAN 26, urea 23, jumla 67 kwa ekari. Kwa pamba unayotegemea itoe kama tani moja ya pamba mbegu (haijatolewa mbegu) kwa ekari, mimi nisingevuka 40, tena nikihesabu na ya kwenye udongo, na wakulima wengi nchini wanavuna kama kilo 300 au chini ya hapo. Na hizo 67 zimeangukia zaidi upande mmoja. Alafu katika mifuko yote mitano hakuna hata chembe ya potasiamu, wakati vitumba vya pamba ndo vinaila potasiamu kweli kweli, huo wekundu wa kingo za majani nadhani nusu yake ni hiyo. Kupima udongo si mbali, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kipo hapo hapo Muheza na udongo ni kazi yao ya miaka mingi, lakini watu wanapita na gari mbele yake kituo wanaenda mjini kununua mbolea.

Tulichofanya. Shamba likagawanywa bloku nne, kila moja na vali yake. Bomba kubwa likawa la inchi mbili, hiyo ndo gharama iliyomuuma zaidi mama na ndo iliyoleta mabadiliko makubwa. Visahani vya filta vikarudi, kijana akapewa kazi ya kuviosha kila siku kabla ya kufungua. Mipira tukafungua miisho yote tukaisukuma maji uchafu utoke, ulitoka wa kijivu mpaka ukawa maji, halafu tukapitisha asidi bloku kwa bloku, ikakaa kama saa moja, tukafungua miisho tena. Asidi unaitia kwenye maji, usitie maji kwenye asidi, glovu na miwani vaa, na usiichanganye wala kuipitisha pamoja na jiki hata kidogo, ile hewa inayotoka ni sumu ya kuua. Mipira mibovu kabisa upande wa minazi ilibadilishwa.

Vikombe vikarudi. Karibu na tangi 135, mwisho 105. Haijawa sawa kabisa maana ile mita moja ya mwinuko haiondoki, lakini kutoka mara saba mpaka tofauti ya namna hiyo ni shamba jingine. Tangi moja la lita 5,000 kwa bloku moja linakwisha kwa saa moja na dakika arobaini na tano hivi, na kwa robo ekari hizo ndo zile milimita 5.

Kwenye mbolea, aliyemuuzia vifaa alimpa venchuri, kifaa cha kuvutia mbolea kwenye bomba, hiyo inahitaji tofauti ya presha ndo ivute, kwa baa 0.3 haikuvuta kitu. Tukaiweka pembeni, ndoo ikapandishwa juu ya tangi na kajibomba kadogo kenye vali kanaingia kwenye bomba la kutokea, kabla ya filta. Nusu saa ya kwanza maji matupu, dakika arobaini na tano mbolea, nusu saa ya mwisho maji matupu tena ya kusuuza. Ukitia mbolea mwanzo maji yanayofuata yanaisukuma chini ya mizizi, hasa urea ambayo inatembea na maji, ukitia mwisho inabaki ndani ya mpira inaganda.

Bloku mbili za upande wa tangi naitrojeni ilisimama kabisa siku ile. Mama hakupenda, aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Bloku mbili za minazi zikapata urea kilo 2 kila moja kwa wiki, kwa wiki tatu tu, maana pamba ikishafika siku tisini na kitu naitrojeni unayoweka inakwenda kwenye majani. Potasiamu tulitumia MOP nyeupe (kloridi ya potasiamu), ile inayeyuka safi, ina kloridi ambayo tumbaku na mazao mengine hayaipendi lakini pamba haina shida nayo. Fosforasi tukaachana nayo. Haitembei kwenye udongo, mahali pake ni chini ya mbegu siku ya kupanda, pamoja na samadi.

Zile ndefu tulikata vilele kwa mkono zisiendelee kupanda. Ilisaidia hewa kupita, vitumba haikuongeza.

Mavuno sasa. Bloku za minazi ziliamka, hazikuwa ndefu lakini zilishika vitumba, zikaanza kupasuka mwishoni mwa Agosti, tukapunguza maji hapo hapo vya kwanza vilipoanza kufunguka, zikachumwa Septemba nyeupe kavu. Bloku za tangi, zile zilizokula mifuko, zilichelewa mpaka Oktoba, vuli ikazikuta, kangambili, wale wadudu wanaotia pamba madoa, nao wakaingia, nyingi ikatoka na madoa na vitumba vya chini vilikuwa vimeoza. Kwa uzito hazikupishana sana pande mbili, kwa daraja upande wa minazi ndo uliouzika vizuri.

Mtu ataniuliza je dripu inalipa kwa pamba. Kwa ekari moja, kwa bei ya pamba peke yake, mimi siamini kama mipira, bomba, filta na tangi vinarudi kwa msimu mmoja au miwili, na simshauri mtu akope kwa ajili hiyo. Inaleta maana kama mipira ile ile baada ya pamba inahamia kwenye nyanya au bilinganya za kiangazi, na sentimita 90 kati ya mistari inakubali. Mama ndo alivyoamua. Masalia ya pamba yameng'olewa yote na kuchomwa ili funza wa vitumba wasipate pa kukaa, mipira imekunjwa kwa bloku imeandikwa namba, na udongo wa kila bloku umeshapelekwa Mlingano kwenye mifuko minne tofauti, kwasababu baada ya mifuko yote ile upande wa tangi unaweza usihitaji DAP kabisa mwaka huu.